Simba wa Tsavo Katika Sinema

Mtu akiambiwa kwamba hofu yaweza kuuzwa na kununuliwa, aghalabu hasadiki. Mfugaji wa Sangailu hatatoa hata senti moja ili simba aruke boma lake usiku. Bali yu tayari kukesha, kuwasha moto na kupiga madebe ili asije. Katika nyika za Ijara, na katika msitu wa Boni ulio jirani, simba hajawa mnyama wa vitabuni. Nyayo zake huonekana asubuhi penye njia ya malisho, na hasara yake huhesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi. Walakini ulimwenguni mna watu wasiohesabika ambao, kwa zaidi ya miaka mia moja, wamepanga mistari mirefu mbele ya majumba ya sinema, wakatoa fedha zao, wakaketi gizani, wakatishwa, kisha wakarudi makwao wamefurahi.

La ajabu zaidi ni kuwa filamu za kutisha zinazopendwa sana baada ya miaka mingi si zile zilizotengenezwa vyema tu. Nyingine zapendwa kwa sababu ni mbovu. Jitu la ziwani ni mtu aliyevaa vazi la mpira. Chombo kitokacho mbinguni kimetundikwa kwa uzi, na uzi waonekana. Mwamba huyumba mtu akiugusa kwa bega. Watazamaji wa leo huzitafuta filamu hizo kwa bidii, nao hucheka na kushtuka kwa wakati mmoja. Insha hii yahusu filamu moja ya namna hiyo, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1952, lakini kisa chake kilitokea Kenya, ng'ambo ya mto Tana, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka Sangailu. Jina lake ni Bwana Devil. Jina hilo lenyewe ni chotara: neno la kwanza ni letu, la pili ni la Kiingereza na maana yake ni shetani, na ajuaye Kiswahili huona mara moja kwamba yameungwa kama kiraka cha kaki juu ya kanzu.

Kabla ya kuitazama filamu, yatupasa tukitazame kisa.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Viktoria. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, na Waafrika wengi walifanya kazi pamoja nao. Mwezi wa Machi 1898 John Henry Patterson, mwanajeshi na mhandisi, alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la kudumu juu ya mto. Hazikupita siku nyingi, simba wawili madume wakaanza kuwanyakua vibarua mahemani mwao. Mmoja wa waliotangulia kuuawa alikuwa Ungan Singh, jemadari, yaani msimamizi wa kikosi cha vibarua. Simba aliingiza kichwa mlangoni mwa hema, akamkamata, akatoka naye mbele ya macho ya wenzake.

Vibarua walifanya yale ambayo mtu wa Sangailu angeyafanya. Walizungusha maboma ya miiba, wakawasha mioto, wakapiga madebe usiku kucha. Simba walipenya. Desemba ya mwaka huo vibarua kwa mamia waliliparamia gari la moshi, wakaondoka zao, na kazi ya daraja ikasimama kwa majuma matatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 Desemba.

Idadi ya waliokufa ina historia yake. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1907, Patterson alitaja vibarua wa Kihindi 28, akaongeza kwamba palikuwa na Waafrika wengi ambao serikali haikuwaandika popote. Baadaye alisema kuwa wote pamoja walikuwa 135. Mwaka 2009 wataalamu walichunguza mifupa na manyoya ya simba wale, kwa kuwa chakula alacho mnyama huacha alama mwilini mwake, wakakadiria kwamba waliliwa watu 35 hivi. Hesabu hii yapunguza sifa ya simba. Lakini tuiweke kando ya hesabu nyingine: katika ujenzi wote wa reli, Wahindi karibu 2,500 walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi na ajali. Malaria na kuhara havina meno wala ngurumo, na hakuna mtu aliyekwenda Marekani kuuza filamu ya kuhara.

Katika kitabu cha Patterson mna mambo ambayo mtengenezaji wa filamu ya kutisha angeyafuta kwa kuona haya. Alitengeneza mtego mkubwa kwa mataruma na vyuma vya reli, ukiwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa nondo. Chumba cha ndani aliwaweka askari wenye bunduki, wawe chambo na wapigaji kwa wakati mmoja. Usiku simba akaingia kweli, mlango ukaanguka nyuma yake, akawa yu ndani ya kisanduku, kadiri ya hatua chache kutoka penye midomo ya bunduki. Askari wakapotewa na akili. Kwanza hawakupiga kabisa. Kisha wakapiga huku na huku, risasi kama 20, na risasi moja ikakata chuma kimoja cha mlango. Simba akatoka kwa upenyo huo akaenda zake, amekwaruzwa tu.

Usiku mwingine, Patterson alipokuwa ameketi juu ya jukwaa jembamba la miti akimvizia simba aliyekuwa akimzunguka gizani, kitu kilimpiga kisogoni kwa ghafula. Karibu aanguke kwa hofu. Alikuwa bundi, aliyemdhania kuwa tawi. Tena palikuwa na mchuuzi wa Kihindi aliyekuwa akisafiri usiku juu ya punda. Simba akawarukia, akawaangusha wote wawili, lakini kucha zake zikanaswa na kamba iliyofunga madebe mawili ya mafuta shingoni mwa punda. Madebe yakagongana nyuma yake, na simba mla watu, aliyewatia hofu maelfu, akatimua mbio porini akikimbia kelele za madebe.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa naona wengi hukosea wanapodhani kwamba hofu ya kweli ni safi, na kwamba kichekesho ni uchafu ulioingizwa na fundi mbovu. Hofu ya kweli imejaa vitu visivyo mahali pake: bundi, madebe, bunduki inayolenga kando. Mwenye kuogopa hujikwaa. Filamu ambayo simba wake hujikwaa haiko mbali sana na maisha kama mtengenezaji wake anavyoogopa.

Basi tuje kwenye filamu. Aliyeiandika na kuiongoza alikuwa Arch Oboler, Mmarekani aliyejipatia jina kwa michezo ya kutisha ya redio, ambayo humtisha msikilizaji kwa sauti tupu: mlango unaolia, pumzi, nyayo. Alipokuja Afrika baada ya Vita Kuu ya Pili alipiga picha za nchi na wanyama, na kisa cha Tsavo kikamkaa moyoni. Wakati huo majumba ya sinema ya Marekani yalikuwa mashakani. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani, na watu waliona hapana haja ya kutoka jioni na kulipa kiingilio. Wenye sinema walitafuta kitu ambacho kisanduku kile cha nyumbani hakiwezi kukitoa. Oboler akawaletea simba anayetoka ukutani.

Namna ya kumtoa simba ukutani yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna elimu ya macho. Ukifumba jicho moja ukakitazama kidole chako, kisha ukafumba la pili, utaona kidole kimehama. Kila jicho lina picha yake, nayo akili huziunganisha picha mbili hizo ikapata habari ya umbali. Wahandisi wa filamu walichukua kamera mbili zilizokaa pamoja kama macho, wakapiga picha mbili. Ukumbini palikuwa na mitambo miwili iliyomulika picha zote mbili juu ya pazia moja, kila moja ikipita katika kioo cha kuchuja nuru, na watazamaji walipewa miwani ya karatasi yenye vichujio vya namna hiyo hiyo, ili jicho la kulia lisione ila picha ya kulia, na la kushoto ya kushoto. Mitambo ikienda sawa, mkuki uliotupwa huonekana ukitoka nje ya pazia. Mtambo mmoja ukichelewa kidogo tu, mtazamaji hupata maumivu ya kichwa.

Bwana Devil ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi, kwa Kiingereza, iliyotengenezwa kwa njia hiyo ya pande tatu. Matangazo yalimwahidi mtazamaji kwamba simba atamrukia mapajani. Watu walifurika. Mpiga picha J. R. Eyerman wa gazeti la Life aliwapiga picha wakiwa vitini: safu baada ya safu ya mabwana waliovaa suti na mabibi waliojipamba, wote wamevaa miwani ya karatasi, wote wameinua nyuso. Picha hiyo imekuwa mashuhuri kuliko filamu yenyewe.

Wahakiki waliisuta vikali, na hawakukosea. Mazungumzo ni marefu na simba ni adimu. Robert Stack, mchezaji mkuu, ni mhandisi anayekunywa pombe na kuhuzunika, na Nigel Bruce, aliyekuwa amezoeleka kama daktari rafiki wa Sherlock Holmes, anazunguka jangwani kana kwamba amepotea njia ya kwenda London. Sehemu kubwa ilipigwa katika vilima vya California, karibu na Los Angeles. Na hapa pana kosa ambalo ningependa kila mwanafunzi wa historia alione. Oboler alitia ndani ya filamu yake picha alizokuwa amezipata Afrika, lakini hizo zilipigwa kwa kamera ya kawaida, jicho moja tu. Kwa hiyo mtazamaji mwenye miwani aliona vichaka vya California vina kina, vina mbele na nyuma, vyaweza kuguswa. Kisha ikaja Afrika yenyewe, Afrika ya kweli, nayo ikawa bapa kama karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hakuna aliyekusudia hivyo. Ni kosa la fedha na vifaa. Lakini kosa lasema kweli ambayo fundi hodari angeificha.

Tufikiri, kwa mfano, juu ya tarehe. Mwezi mmoja na siku chache kabla ya usiku ule wa Los Angeles, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Watu walikuwa wakikamatwa usiku, na Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Huku kaskazini, ambako Garissa ilikuwamo, nchi ilikuwa imefungwa kwa sheria: mgeni hakuingia bila ruhusa, na mwenyeji hakutoka apendavyo. Basi mkazi wa California aliweza kuingia "Kenya" kwa kununua tikiti na kuvaa miwani ya karatasi, na mfugaji wa Sangailu hakuweza kwenda Nairobi ila kwa kibali. Yule wa kwanza alipiga kelele alipotupiwa mkuki usiokuwapo. Sidhani kwamba wengi katika ukumbi ule walijua yaliyokuwa yakitukia katika nchi hiyo hiyo juma hilo hilo.

Jambo hili huwa na uchungu zaidi, na pia kichekesho zaidi, likikumbukwa pamoja na mambo yaliyosemwa juu yetu. Miaka ya 1935 hadi 1937 palikuwa na majaribio makubwa ya filamu kwa Waafrika, yaliyokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wasimamizi walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na mwenendo mwema, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Wataalamu wa zama hizo na za baadaye walishika imani kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufahamu filamu kama Mzungu aifahamuvyo: yafaa apewe picha za polepole, zisizo na hila, kwa kuwa hajui kutenga kivuli na kitu. Magavana waliweka wadhibiti wa kuchagua filamu ambazo Mwafrika asitazame.

Laiti wataalamu hao wangeketi usiku mmoja katika manyata ya Wasomali, wakasikiliza habari za Dhegdheer. Huyo ni mwanamke mla watu, mwenye sikio moja refu linalosikia nyayo za msafiri kutoka mbali, na mbio zake hazina mfano. Bibi akimsimulia hubadili sauti, huvuta shuka juu ya kichwa, huinua mkono kuwa sikio. Mtoto anajua kabisa kwamba aliye mbele yake ni bibi yake. Anaona mkono, anaijua shuka, asubuhi aliiona ikianikwa. Tena bibi hukohoa katikati ya kisa, na Dhegdheer naye hukohoa. Hata hivyo mtoto husogea karibu na mamaye, na kesho huomba asimuliwe tena. Mtoto wa Lamu na wa Mombasa amelelewa vivyo hivyo na zimwi. Ni nani basi aliyefundishwa kutenga kivuli na kitu tangu angali mdogo? Mtoto aliyekua na Dhegdheer alikuwa amehitimu elimu hiyo kabla hajafika darasani; mabwana wa Los Angeles waliinama kuukwepa mkuki.

Sisemi hivi kwa kuwadharau. Nadhani waliinama kwa furaha, na kwamba walilipia hasa ruhusa ya kuinama na kisha kucheka kwa kuwa wameinama. Hiyo ndiyo raha ya filamu mbovu ya kutisha, nayo yafanana na raha ya mtoto mbele ya bibi yake. Mtazamaji hupewa kazi. Filamu iliyo kamili humfunga mtu kitini ikamfanyia yote. Iliyo na kasoro humwachia pengo, naye hulijaza kwa nia njema yake. Hukubali kwamba mpira ni ngozi. Mpira ukikunjamana kiunoni, hukubaliana tena na filamu upya, kwa kicheko. Ndiyo maana filamu hizi hufaa kutazamwa na wengi pamoja, ambapo mmoja hupiga kelele, wa pili humcheka, na wa tatu huwaonya juu ya jambo litakalotokea. Katika wingi wa watu kasoro huwa mali ya wote.

Lakini si kila kasoro huchekesha. Hapa hukumu inahitajika, na mimi ningetenga kosa la mkono na kosa la jicho. Kosa la mkono ni uzi unaoonekana, simba anayetazama pembeni kumtafuta mwalimu wake, jua linalowaka juu ya tukio la usiku. Hilo ni hiba kwa mtazamaji. Mwaka 1953, filamu ya House of Wax iliifuata Bwana Devil kwa njia ile ile ya pande tatu, na mwongozaji wake, André de Toth, alikuwa na jicho moja tu lenye kuona. Yaani hakuweza kuuona ule muujiza aliowatengenezea wengine. Filamu hiyo ilifanikiwa kupita zote za aina yake. Mambo kama haya mtu huyasimulia kwa tabasamu, na hakuna aliyeumia.

Kosa la jicho ni la namna nyingine: ni kutoona watu. Katika kisa cha Tsavo kama kilivyosimuliwa Marekani, mtu ambaye hofu yake ina uzito ni mhandisi. Vibarua wapo ili waliwe, na Waafrika wapo ili warushe mikuki kuelekea kamera. Ungan Singh alikuwa na jina, alikuwa na cheo, na Patterson mwenyewe alimwandika kwa heshima na huzuni. Wale Waafrika ambao hata Patterson alikiri kwamba hawakuhesabiwa, kutohesabiwa kwao kulianza katika ofisi ya reli, kukaendelea kitabuni, kukafika California, na huko kukawekwa rangi na pande tatu. Mtu akilicheka kosa hili namna moja na lile la uzi, nadhani hajatazama vizuri.

Filamu mbovu, hata hivyo, ina haki moja juu ya filamu nzuri. Mwaka 1996 kisa hiki kilitengenezwa tena kwa fedha nyingi na ufundi mkubwa, kwa jina la The Ghost and the Darkness. Val Kilmer alicheza kama Patterson. Sauti zake zilikuwa za kutisha hata zikapata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti. Kwa haki ya kweli, usimulizi walimpa Mwafrika, aliyechezwa na John Kani wa Afrika Kusini, na hilo lilikuwa hatua. Lakini ilipigwa Afrika Kusini, si Tsavo. Mwindaji wa Kimarekani aliyechezwa na Michael Douglas hakuwako duniani. Alibuniwa, kwa kuwa ilionekana kwamba Mwingereza mmoja hatoshi. Na simba walikuwa na manyoya marefu ya shingo, meusi na yenye fahari, ilhali simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya hayo, kama walivyo madume wengi wa nyika hizo za joto na miiba. Watazamaji wengi walitoka ukumbini wakiamini kuwa wameiona historia. Hakuna aliyetoka katika Bwana Devil akiamini hivyo. Uzi unaoonekana humwambia mtu wazi kwamba hiki ni kitu kilichotengenezwa na watu, kwa fedha fulani, mahali fulani. Uzi uliofichwa haumwambii neno.

Leo filamu hizi za kale zaweza kutazamwa hata katika simu, na kijana wa Sangailu aweza kuitazama Bwana Devil akiwa ameketi chini ya mti. Hana miwani ya karatasi, kwa hiyo California na Afrika zote zitakuwa bapa sawasawa mbele yake. Yeye ni mtazamaji ambaye Oboler hakumfikiria hata kidogo. Ataona mara moja boma lililojengwa kipumbavu, miiba ikielekezwa kusikofaa. Ataona mtu anayesema kwa sauti kubwa akiwa na simba vichakani. Atawaita wenzake waje waone, nao watacheka kicheko ambacho hakingeweza kusikika Los Angeles mwaka 1952, cha watu wanaoijua kazi. Kisha jioni itaingia, na mifugo itahesabiwa kabla lango halijafungwa.

Patterson aliishi uzeeni Marekani, akafariki mwaka 1947 huko huko Los Angeles, miaka mitano kabla ya filamu ya kwanza kuonyeshwa katika mji huo. Ngozi za simba wake zilikuwa zimekaa nyumbani kwake miaka mingi zikiwa mazulia. Mwaka 1924 aliziuza pamoja na mafuvu kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, na mafundi wakazishona upya, wakazijaza, wakawasimamisha simba wawili katika sanduku la kioo, wako hapo mpaka sasa. Kwa kuwa ngozi zilikatwa kingo zilipofanywa mazulia, simba hao ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Hawana manyoya shingoni. Anayekuja ametoka kutazama filamu ya 1996 huenda akawapita bila kuwatambua, akidhani ni majike. Lakini mafuvu yao yalihifadhiwa, na mmoja ana jino lililovunjika lenye ugonjwa mzito wa mzizi, ambalo yamkini lilimzuia kukamata mawindo makubwa. Katika mashimo ya meno yaliyovunjika mlikuwa mmegandamana nyweleo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wataalamu walizitoa, na mwaka 2024 wakatangaza ni za nani: twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na mwanadamu.